Vifuniko Vyekundu

Watu wa Kasongo walikuwa na majina mawili kwa Dokta Vandoorne. Mbele yake walimwita Bwana Dokta, na nyuma yake walimwita Saa Nane. Jina hilo la pili halikuwa tusi. Lilitokana na mazoea yake: ikifika saa nane mchana alivua koti jeupe, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa shati la kaki na kukaa mezani na madaftari yake. Kuanzia hapo, hata ungemletea mtu anayetokwa na damu puani, angekutazama kama umeingia nyumba isiyo yako, kisha akuelekeze kwa masista.

Zéphirin alikuwa msaidizi wake katika ile dispensari ya kando ya njia ya Kabambare, na mwaka ule wa 1956 hapakuwa na mtu Kasongo nzima aliyejivuna kumshinda. Tumpe haki yake, sababu alikuwa nayo. Baba yake alikuwa mtu wa kabila la Wabangubangu wa Kabambare, mkulima wa mpunga na mihogo ambaye hakuwahi kushika kalamu. Mapadri walimsomesha mtoto, akawa muuguzi, kisha akapelekwa kusomea usaidizi wa udaktari, akarudi na cheti chenye muhuri, viatu vya kamba, na tabia mpya ya kukohoa kidogo kabla ya kusema. Hayo yote yangeweza kuchekwa, na yalichekwa. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna shule iliyompa, nacho ni masikio. Akiweka stetoskopu kifuani pa mtu alisikia mambo ambayo wengine waliyaona baada ya wiki mbili, wakati miguu imeshavimba. Dokta mwenyewe, aliyesoma Ulaya miaka mingi, alikuwa akisikiliza, anamwachia Zéphirin, halafu anauliza, "Umesikia nini?" Na jibu aliliandika.

Basi Dokta akamwahidi. Katika hospitali kubwa ya Léopoldville kulikuwa na nafasi ya miaka miwili ya kusomea moyo, moyo tu: asubuhi kwa wagonjwa, mchana katika utafiti, chini ya maprofesa. Kati ya wasaidizi wote wa wilaya ya Maniema hakuna aliyewahi kuipata. Zéphirin angeipata, alisema Dokta, ila kwanza athibitishe hapa hapa Kasongo kwamba anaweza kazi zote mbili bila kuzichanganya. "Asubuhi unatibu," alimwambia. "Mchana unatafuta kujua. Anayeleta ya asubuhi mchana hafai Léopoldville."

Zéphirin aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, na si kwa ajili ya viatu. Dada yake Émérance alikufa Kabambare wiki ya tano baada ya kujifungua, amekaa ukutani na mto mgongoni, kwa sababu akilala alikosa pumzi. Zéphirin alikuwa na miaka kumi na minne. Alikumbuka miguu ya dada yake ilivyobonyea ukiigusa, na alama ya kidole ikabaki palepale. Kila aliyeulizwa alisema ni ugonjwa wa arobaini, kana kwamba kuupa jina ni kuujua. Alikua na hamu moja ya kuujua kweli.

Na ugonjwa huo ndio Dokta alioutaka. Alihitaji akina mama ishirini na wanne waliojifungua karibuni, ambao moyo umeanza kuchoka, wafuatwe siku arobaini, dawa wapewe, na kila jambo liandikwe. Tatizo ni kwamba mama wa arobaini haendi dispensari. Yuko ndani, anakandwa maji ya moto, na mwanaume asiye wa nyumba haingii. Katika nyumba za Waislamu wa mjini mlango huo ulikuwa na mwenyewe, naye aliitwa Mama Nuru.

Nuru alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, na nusu nyingine ilimwogopa kwa sababu alijua ilivyozaliwa. Zéphirin alipokwenda kumwomba amfungulie nyumba, Nuru alimpa kiti, akamsikiliza, akamkumbusha wale waliokuja zamani kutafuta ugonjwa wa usingizi: walishika watu shingo, wakaandika, wakaenda zao, na waliobaki na ugonjwa wakabaki nao. Hakutaka kuona tena mtu wake anaangaliwa tu.

"Kila mama apate dawa," alisema. "Asikuwe moja anapewa na moja anaandikwa. Apa mbele yangu, mutoto wangu, na si kwa jina ya Dokta. Kwa jina yako."

Zéphirin akaapa kwa kaburi la Émérance. Nuru akaridhika, akamletea chai ya tangawizi, na tangu siku ile akamwita mwanangu hata sokoni.

Jinsi walivyofanya kazi ilikuwa ya kuchekesha, na wenyewe walicheka. Zéphirin aliunganisha mpira mrefu kwenye stetoskopu yake. Akiingia chumbani alikaa kwenye kigoda na kumpa mgonjwa mgongo, uso ukutani, na mpira ukapita juu ya bega lake hadi kitandani, ambako Nuru alishika kile kikombe cha kusikilizia na kukiingiza chini ya kitenge. "Shuka kidogo, Mama Nuru. Sasa kushoto. Hapo, hapo." Nuru akauliza moyo unasema nini leo, naye akajibu unasalimia. Hata kwa Wakristo, ambao hawakudai hivyo, Nuru alitaka ifanywe vilevile, maana mama ni mama.

Dawa yenyewe ilikuwa digitalini ya kutia moyo nguvu, vidonge vyeupe ndani ya chupa ndogo. Chupa kumi na mbili zilikuwa na vifuniko vya buluu na kumi na mbili vyekundu. Zéphirin aliuliza kwa nini. Dokta alimjibu bila kuinua macho, na jibu lile Zéphirin alilirudia baadaye mara nyingi moyoni, neno kwa neno, akitafuta mahali ambapo angepaswa kushtuka.

"Dawa ni moja," alisema Dokta. "Viwanda ni viwili. Nataka kujua kipi kinatengeneza vizuri zaidi."

Basi Zéphirin akagawa kwa mkono wake mwenyewe. Aliwapanga akina mama kwa siku ya kujifungua, akawapa namba. Namba witiri akazipa buluu, namba shufwa akazipa nyekundu. Alifanya hivyo kwa haki kabisa, hata akajipongeza.

Ilichukua wiki tatu tu masikio yake kuanza kumsumbua. Moyo mzima unapiga mapigo mawili, unapumzika. Moyo uliochoka unaongeza pigo la tatu, na ukiusikiliza ni sawa na wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja, hakuna nafasi kati ya mchi na mchi. Kwa wale wa buluu pigo la tatu lilikuwa linafifia. Kwa wale wa nyekundu lilikuwa linakazana. Aliangalia daftari, akahesabu, akahesabu tena. Nyekundu ilikuwa dawa mbovu.

Alimwendea Dokta asubuhi, kati ya mgonjwa na mgonjwa, akamwambia kiwanda cha nyekundu hakifai, wabadilishiwe. Dokta alikuwa anamfunga mtu mkono. Akasema hilo ni neno la mchana. Saa nane ilipofika, koti likiwa msumarini, Zéphirin akalileta neno lake tena. Dokta akamsikiliza vizuri, akamtazama kwa upole hata, akamwambia kwamba huruma ni kazi ya asubuhi. Daftari likikatizwa katikati halina faida kwa mtu yeyote, wala kwa hawa wala kwa watakaokuja. Zéphirin akatoka nje na neno lake mkononi, asubuhi limekataliwa na mchana limekataliwa, na siku haina sehemu ya tatu.

Wiki ileile barua ilifika kutoka Léopoldville. Nafasi ilikuwa yake, tarehe moja Oktoba, baada ya ripoti ya Dokta na daftari lililotiwa sahihi na wote wawili. Zéphirin aliisoma akiwa amesimama, akaisoma amekaa. Alimwandikia baba yake Kabambare ingawa alijua barua itasomwa na katekista, na kwamba katekista ataongeza yake. Akaenda kwa Amisi fundi cherehani, akachagua kitambaa cha kijivu, akapimwa suti. Yeye ndiye aliyetaka kuamini kwamba dawa dhaifu ni dawa pia. Alijiambia kwamba hata hivyo wanapata kitu. Akaendelea kuandika.

Amisi fundi alikuwa kaka yake Nuru, na binti yake Zaina alikuwa namba kumi na sita, kifuniko chekundu. Zaina alikuwa mtu wa maneno mengi, anayemuuliza Zéphirin kutoka kitandani kama ukuta ule anaoutazama kila mara haujamchosha. Wiki ya nne maneno yalipungua kwa sababu pumzi haikutosha. Siku ya thelathini na moja alikufa, mchana mweupe, mtoto akiwa anaoshwa uani.

Zéphirin alikwenda msibani akiwa hajui atakaa wapi. Wanaume wengine walimtazama vibaya, na mmoja akaanza kusema habari za vidonge vya Wazungu. Nuru alitoka ndani, kitambaa cha msiba kichwani, akasimama mbele ya wote, akasema huyu mtoto hana deni na sisi, dawa Zaina alipewa kila siku, mimi mwenyewe niliona akimeza, siku ilikuwa imefika. Halafu akamshika mkono Zéphirin na kumkalisha karibu na Amisi. Baada ya wiki mbili Amisi alimaliza suti akampelekea, imepigwa pasi, akamtakia safari njema. Zéphirin aliandika kwenye daftari: 16. Amekufa siku ya 31.

Sasa kuna desturi moja ya mtaa ule ambayo Dokta hakuijua, na Zéphirin, kwa kuwa ni mwanaume na ni mtu wa Kabambare, alikuwa anaijua juujuu tu. Wanawake wawili wakijifungua ndani ya mwezi mmoja na nyumba zao zinapakana, wanakuwa wenzi wa mwezi. Dini haiulizwi. Siku ya saba wanalishwa sahani moja, na tangu hapo hadi arobaini iishe, kitu kinachoingia nyumba hii kwa ajili ya mzazi kinavuka ua kwenda kwa mwenzake: uji, kuku, mafuta, hata kuni. Anayekula peke yake wanasema anamnyang'anya mtoto wa mwenzake maziwa. Hakuna mwanamke anayetaka kusemwa hivyo.

Emilienne, mke wa mwalimu wa misheni, alikuwa namba kumi na tisa, buluu. Hawa, jirani yake, mke wa muuza samaki anayekwenda Nyangwe kila wiki, alikuwa namba ishirini, nyekundu. Mwanzoni mwa Septemba Zéphirin alianza kusikia mambo ambayo hayakuwa na maana. Moyo wa Emilienne, uliokuwa umetulia kabisa, ulirudisha pigo la tatu. Moyo wa Hawa, uliokuwa unakwenda njia ya Zaina, ukawa unatulia. Alifikiri amekosea namba. Akarudi siku ya pili, akasikiliza, akageuka bila kufikiri hadi Nuru akamkemea arudishe uso ukutani.

Alimwuliza Emilienne kama anameza dawa kila siku. Emilienne akaangalia mlango kwanza, maana mume wake mwalimu alikuwa amemwonya asiwaudhi watu wa dispensari. Kisha akasema kwa aibu kidogo kwamba tangu Hawa aanze kukosa pumzi anameza nusu.

"Nusu ingine iko ya Hawa," alisema. "Tulizala mwezi moja, Munganga. Na ile munamupatia yeye haiko dawa ya nguvu. Ya kwangu iko chungu, unaikunywa asubuhi, uchungu unabakia mpaka mangaribi. Ya kwake iko sawa chokaa ya ukuta."

Hata ile isiyo chungu waligawana vilevile, Emilienne aliongeza, ili Hawa asione haya ya kupokea tu.

Zéphirin aliomba chupa zote mbili. Alitoka nazo uani, akakaa juu ya jiwe la kufulia. Aliweka kidonge cha buluu kwenye ulimi, na uchungu wake akautambua mara moja, ule wa shuleni, walipoonjeshwa ili wasije wakachanganya dawa. Akatema, akasukutua, akasubiri, akaweka cha nyekundu. Kiliyeyuka polepole. Kilikuwa chaki na sukari kidogo. Akachukua kingine, halafu kingine, kwa sababu mtu akiwa hataki kuamini anadhani cha tatu kitakuwa tofauti. Alitafuna vinne. Kuku wa Emilienne walikuwa wanazunguka miguu yake, na yeye alikuwa amekaa pale na chaki mdomoni, amedanganywa kama mtoto mdogo, na kupitia kwake wamedanganywa akina mama kumi na wawili ambao aliwaapia kwa kaburi.

Alifika dispensari saa nane na nusu. Dokta alikuwa ameshavaa shati la kaki. Zéphirin aliweka chupa na daftari mezani, akasema neno moja, chaki, na Dokta hakukana. Hilo lilimuuma vibaya zaidi, maana njiani kote alikuwa amejiandaa kwa ukanushi. Alikuwa hata ametunga maneno ya kumsamehe, endapo kiwanda kimetapeli. Dokta akamwomba akae. Akamweleza kwa Kifaransa safi, kwa subira ya mwalimu, kwamba akina mama wengine hupona wenyewe na wengine hufa hata wakitibiwa. Kama wote wakipewa dawa, mtu atajuaje kwamba ni dawa iliyoponya na si siku zenyewe? Lazima wawepo wasiopewa. Duniani kote kazi nzuri sasa inafanywa hivyo, na Zéphirin atakuta hivyohivyo Léopoldville. Zéphirin alielewa kila neno, na aliona kwamba hoja ilikuwa ya kweli, na kwa sababu ilikuwa ya kweli hakujua aishike wapi ili aivunje.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ningekuambia, ungewapa."

"Ningewapa."

"Basi umejijibu," alisema Dokta.

Zéphirin akamtaja Zaina. Dokta akageuza kurasa, akitafuta, na alipoona Zéphirin anamtazama akasema, "Namba kumi na sita," si kwa ukatili, ila kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi aliyesahau kanuni ya mchana.

Hapo ndipo Zéphirin alipomwambia kwamba wanawake wanagawana. Alimweleza habari za wenzi wa mwezi, sahani moja, nusu kwa nusu, na kwamba pengine si Hawa na Emilienne tu. Na tazama binadamu alivyo: yule ambaye hakubadilika uso kwa chaki wala kwa Zaina, sasa alipauka. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Miezi mitano, alisema. Miezi mitano, na wao wanagawana kama karanga. Aliuliza ni nani anayejua. Aliposikia kwamba Zéphirin ameshaliandika jambo hilo kwenye daftari, asubuhi ileile, ukurasa wa Emilienne, alikaa tena, akaufungua, akausoma, akauchomoa ule ukurasa kwa uangalifu ili usichane mwingine. Kisha akaweka mbele ya Zéphirin karatasi mpya, kalamu, na ile barua ya Léopoldville.

Aliongea taratibu. Aandike upya namba kumi na tisa na ishirini kana kwamba kila mmoja alimeza za kwake. Watie sahihi. Zimebaki siku kumi na moja, kazi itafungwa, na tarehe moja Oktoba Zéphirin atakuwa Léopoldville, ambako katika miaka miwili atajifunza kuokoa watu wengi kuliko wote waliopo Kasongo. Je, ataacha hayo kwa ajili ya nusu kidonge?

Zéphirin aliishika kalamu. Nisiseme uongo, aliishika, akaandika namba kumi na tisa juu ya karatasi, kwa ule mwandiko wake mzuri. Alimwona baba yake akisomewa barua na katekista. Aliiona suti ya kijivu msumarini. Aliona pia kwamba yule mtu aliyekaa mbele yake hakuwahi siku moja kumwona kama mwanafunzi wa kazi mbili. Alimtumia kwa ajili ya mlango wa Nuru na kwa ajili ya masikio. Kiapo chake kilikuwa kifaa cha dispensari kama mizani. Hasira ilimpanda, akaiweka kalamu chini.

"Kwanza wapewe wote dawa ya kweli," alisema. "Leo."

"Baada ya siku kumi na moja."

Zéphirin alikwenda nyuma ya mlango, akalichukua koti lake mwenyewe jeupe, akalivaa. Funguo za stoo alikuwa nazo yeye. Aliposikia mlango wa kabati la dawa unafunguliwa, Dokta hakuinuka wala hakupaza sauti. Aliirudisha barua ndani ya bahasha yake, akaiweka kwenye droo, na Zéphirin alipopita na chupa kwenye kikapu akamwambia, kwa huzuni iliyofanana na ya kweli, "Kumbe wewe ni wa asubuhi tu. Nitawaandikia wamchukue Célestin, msaidizi wa Kindu." Akavuta rula na kuanza kuchora jedwali jipya.

Basi ndivyo nafasi ilivyokwenda, kwa sentensi mbili. Zéphirin alipanda baiskeli akapita nyumba kwa nyumba. Kati ya zile kumi na moja zilizobaki za kifuniko chekundu alianza na zile za mbali, akaacha chupa mlangoni kwa shangazi na mama wakwe, akaeleza kidonge kimoja asubuhi. Hakulia. Alikuwa na nguvu ya mtu aliyedhulumiwa, ambayo ni nguvu kubwa. Anaona wazi nani mbaya, na hana haja ya kutazama kwingine. Kadiri alivyokanyaga pedali ndivyo alivyoyapanga maneno atakayomwambia Nuru, na yalikuja yamenyooka. Alitamani sana kumwambia. Alijua atamshika mkono tena.

Nuru alikuwa uani kwa Hawa, anapepeta mchele. Zéphirin aliegesha baiskeli, akakataa kiti, akamwambia yote tangu mwanzo: viwanda viwili ambavyo havikuwepo, chaki na sukari, ukurasa uliochomolewa, barua iliyorudi kwenye droo, Célestin wa Kindu. Hakumficha kitu. Alimwambia kwamba Dokta amemsaliti, amelitumia jina lake na kiapo chake, na kwamba amepoteza Léopoldville kwa kukataa kuandika uongo. Nuru alisikiliza mpaka mwisho. Ungo ulikuwa umesimama mapajani kwake.

"Zaina," alisema. "Ulisikilizaka moyo yake?"

"Nilisikiliza, Mama Nuru."

"Mara ngapi?"

"Kila siku ya tatu. Mara kumi."

"Ilikuwa inaharibika?"

"Ilikuwa inaharibika," alisema Zéphirin. Akaeleza haraka kwamba alimwambia Dokta, tena mara mbili, asubuhi na mchana, na mara zote mbili alikataliwa.

"Sikuulize juu ya Dokta. Dokta hakuniapiaka kitu." Nuru aliuweka ungo chini. "Mimi nilikuwa nashika kile kikombe juu ya kifua ya mutoto wa kaka yangu, na sikusikia kitu, sababu masikio iko ya kwako. Kila mara nilikuuliza moyo inasema nini, ukaniambia inasalimia. Wewe ulisikia inaharibika. Ulisikia mara kumi. Ukafanya nini?"

Zéphirin alikohoa kidogo. Alikuwa na jibu moja tu na lilikuwa la kweli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mtu wa kumbebesha.

"Niliandika," alisema.

Nuru akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza umri wa mtoto akatajiwa. Aliinuka, akaipokea chupa ya Hawa, akauliza vidonge vingapi. Kimoja, Zéphirin alimjibu, asubuhi, na Emilienne naye arudi kwenye kidonge kizima. Nuru akarudia, kimoja asubuhi, ili ahakikishe amesikia vizuri. Kisha akaingia ndani kwa mgonjwa, na Zéphirin hakuambiwa amfuate.